Sababu ya Risasi ya Gobori Kupotea Njia

Zamani, kabla nyumba hazijaenea Temeke na Kinondoni, sehemu zile zilikuwa mashamba na mapori ya Wazaramo, na gobori lilijulikana sana. Lakini lilisifiwa kwa kishindo kuliko kwa shabaha. Sababu yake yafaa ielezwe.

Kasiba ya gobori ni laini ndani, na risasi yake ya duara hufanywa ndogo kuliko tundu, ili iteremke upesi. Baruti iwakapo, risasi hugonga huku na huku, na pigo la mwisho ndilo liamualo iende upande gani.

Bunduki za askari zenye mifuo ya kuzunguka ndani ya kasiba ziliondoa ila hiyo. Mfano ni bunduki ya Baker, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1800, yenye mifuo 7. Risasi ilivikwa kitambaa au ngozi nyembamba iliyopakwa mafuta, kisha ikashindiliwa kwa mdeki. Kitambaa hushika mifuo na kuizungusha risasi, tena huzuia moto usipenye kando. Risasi izungukayo hushika njia yake, kama vile pia izungukayo isivyoanguka.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki zenye mifuo zisiuzwe Afrika ila kwa wachache. Magobori yasiyo na mifuo yakaachwa. Ndiyo maana katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wenyeji walikabili bunduki za mifuo na bombomu kwa magobori, mikuki na mishale.

Washindanao shabaha kwa bunduki hizo za kale, huko Ulaya na Marekani, hufuata kanuni tatu. Kwanza, kipimo cha baruti ni kile kile kila mara. Pili, hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja: ama baruti, ama unene wa kitambaa, ama mafuta. Tatu, hukiokota kitambaa na kukitazama. Kikiwa kimeungua au kuchanika, basi hakikuifaa risasi ile.

Tena wajua kwamba risasi isipofika hata kuigusa baruti, kasiba yaweza kupasuka. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi haiwekwi humo kamwe.

Hapa Tanzania silaha zina sheria yake ya mwaka 2015. Basi, akutaye gobori la babu yake darini asilijaribu wala asilichokoe, bali awape polisi habari. Huenda lilishindiliwa zamani, nayo baruti kavu haisahau kazi yake.