Sanamu za Fizi: majina yao yako mdomoni mwa wazee

Ukishika noti ya franka, hauulizi imetoka inchi gani: imeandikwa juu yake. Waroma wa zamani walifanya vilevile. Kwenye sarafu zao walipiga sura ya kaisari na jina lake. Ndiyo maana leo, kisha miaka karibu 2.000, mtu akichimbua moja shambani, wataalamu wanaweza kusema ni ya wakati wa mfalme gani.

Sanamu za kwetu Fizi haziko hivyo. Fundi aliyechonga mti hakuandika kitu. Jina la babu, ukoo wake, kijiji, kazi ya sanamu: yote yalibaki katika vichwa vya watu. Kinyago cha Alunga cha Wabembe, kile chenye sura mbili, moja mbele na moja nyuma, ukikikuta ndani ya kioo kule Ulaya, unaona macho makubwa tu. Nani alikivaa, na siku gani, hauambiwi.

Wakati wa ukoloni, sanamu nyingi za mababu zilitoka upande huu zikafika Ulaya. Huko zikabandikwa jina: «Bembe» ao «Buyu», basi. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1950, aliuliza wazee wenyewe. Mwaka 1981 akatoa kitabu: nyingi kati ya sanamu hizo, alisema, asili yake ni vikundi vya wawindaji waliokaa huku mbele Wabembe wafike.

Juu ya nini jambo hili linatugusa leo? Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji iliipa serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84.000 vilivyo katika makumbusho ya Tervuren. Mwezi wa saba mwaka uleule ikapata sheria inayofungua njia ya kurudisha vile vilivyochukuliwa isivyo haki. Sawa, kitu kikirudi, kirudi kwa nani? Karatasi inayosema «Bembe» tu haiwezi kujibu. Mzee anayejua ndiye anaweza.

Na wazee hao wanapungua. Mtu akikimbia vita toka Bibokoboko akishuka Baraka, anabeba mtoto na sufuria. Kitu cha babu kinaungua pamoja na nyumba, ao kinauzwa kwa bei ya unga. Mchuuzi akikinunua bila kuuliza, kitu kinaokoka, lakini historia yake inakufa.

Sheria ya Kongo ya tarehe 15/03/1971 inalinda mali ya utamaduni. Lakini sheria haikumbuki majina. Hiyo ni kazi yetu. Kama kwenu kuna sanamu, shanga za bibi ao chombo cha maziwa cha mti, kaa na mkubwa wa jamaa hata saa moja. Piga foto mbele na nyuma. Andika: kinaitwaje katika luga yenu, nani alikitengeneza, kijiji gani, kilitumika siku gani, nani alikirithi. Kama kuna siri ya mila isiyosemwa mbele ya wote, iache. Andika jina na kijiji tu.

Karatasi moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Na foto usiitume ovyo kwenye WhatsApp: wezi nao wanaangalia.