Tairi Hufa kwa Joto: Sayansi ya Pancha Kati ya Kiomboi na Sekenke

Alizeti ikishavunwa, pikapu za wilaya ya Iramba, mkoani Singida, huanza kubeba mizigo ambayo hazikuundiwa. Hilux ya kubeba tani moja hupakiwa lumbesa mpaka springi za nyuma zinanyooka. Juu ya magunia wanakaa watu, na jeki iko huko chini ya magunia. Njia yenyewe inajulikana: vumbi na changarawe za vijijini hadi Kiomboi, Kiomboi hadi Misigiri, kisha lami ya barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, inayoteremka mlima Sekenke mpaka Shelui na kuingia mbuga za Wembere. Tairi likipasuka Sekenke, lawama zote hubebeshwa mlima. Mlima una makosa yake, nitafika huko. Lakini mara nyingi tairi hilo lilianza kufa kijijini asubuhi, kwa mwiba wa mgunga ambao hakuna aliyeuona.

Kinachobeba gari ni upepo ulioshindiliwa. Kazi ya mpira ni kuuzuia usitoke. Chukua pikapu yenye uzito wa kilo 2,800 pamoja na mzigo wake. Kila tairi hubeba kwa wastani kilo 700. Likiwa na upepo wa psi 35, linahitaji kugusa barabara kwa eneo la takriban sentimita za mraba 285 tu, chini ya nusu ya karatasi ya A4. Sasa upepo uvuje polepole hadi psi 20. Uzito haukupungua, kwa hiyo tairi hulazimika kutafuta eneo kubwa zaidi, karibu sentimita za mraba 500, na hulipata kwa kubonyea. Dereva aliye kwenye usukani anaweza asihisi chochote, hasa kama ni tairi la nyuma na barabara ni mbovu.

Huko kubonyea ndiko kunakoua. Tairi la pikapu huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilomita moja, na katika kila mzunguko ubavu wake hukunjwa unapofika chini na kukunjuka unapopanda. Mpira haurudishi nguvu yote uliyotumia kuukunja. Sehemu yake hubaki ndani kama joto. Kunja waya wa chuma mara nyingi upesi upesi, kisha ugusishe mdomoni, utajua ninachosema. Tairi lenye upepo wa kutosha hukunjwa kidogo na hupata nafasi ya kupoa. Lililopungua upepo hukunjwa sana, na kadiri mwendo unavyoongezeka joto huzalishwa upesi kuliko linavyotoka. Ndani yake kuna mikanda ya nyuzi za chuma iliyogandishwa na mpira. Joto hudhoofisha ule mgando, kingo za mikanda huanza kuachana, na mwisho kashata yote ya juu hubanduka kwa mkupuo. Ndiyo yale magamba meusi unayoyaona kando ya barabara kuu.

Dunia nzima ilipata somo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Matairi yalikuwa yakibanduka kwenye mwendo kasi, na magari yakipinduka. Waliokufa walizidi 200. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama: Ford ilisema tairi ni bovu, Firestone ikasema gari ni jepesi kupinduka na kwamba psi 26 zilizopendekezwa na Ford zilikuwa chache mno. Ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo yenye joto. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyokuja kulazimisha magari mapya kuwa na kihisio cha upepo wa matairi. Pikapu nyingi za Iramba kihisio chake ni utingo anayepiga tairi teke, na teke haliwezi kutofautisha psi 35 na psi 25.

Kuna mazoea ambayo ningependa yafe. Dereva akisimama saa nane mchana, anashika tairi, anaona lina moto, anapima anakuta upepo umepanda, basi anaupunguza "lisije likapasuka". Anafanya kinyume. Tairi lililojazwa psi 35 asubuhi likiwa na nyuzijoto 30, likifika nyuzijoto 60 njiani litasoma karibu psi 40. Aliyeliunda alilijua hilo na akaliachia nafasi. Ukilirudisha hadi 35 likiwa na moto, kesho asubuhi utaamka nalo likiwa na 31, na safari ya pili utaianza ukiwa tayari na upungufu. Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa. Mwinuko nao una mchango wake: Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ina shinikizo dogo kuliko ya pwani, hivyo tairi lililojazwa Dar es Salaam huonyesha kama psi 2 zaidi likifika Iramba, hata kama hakuna aliyeligusa. Hilo halina madhara.

Kupunguza upepo kuna mahali pake, nako ni kwenye mchanga au tope la mbuga wakati wa masika, ambapo unataka tairi litandazike lisizame. Hapo unakwenda mwendo wa kutembea, na ukitoka unajaza tena. Asiye na pampu asipunguze.

Tairi likipasuka kweli, sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua. Upande uliopasuka huvuta gari kama breki iliyoshikwa upande mmoja. Mguu wa dereva hukimbilia breki wenyewe, na hapo ndipo pikapu hupinduka: uzito unarukia mbele, nyuma inapoteza mshiko, na magunia yaliyorundikwa juu ya kingo za bodi yanalipeleka gari upande. Shika usukani kwa mikono yote miwili, uende nyoofu, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lichoke lenyewe. Breki iguswe mwishoni, kwa upole. Waliokaa juu ya mzigo hawana cha kushika wala mkanda wa kuwazuia, na hakuna ufundi wa dereva utakaowasaidia.

Gari likishasimama, watu hupumua. Mapema mno. Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mpaka dereva wake aone, aamue, akanyage breki na basi lisimame, atakuwa ametumia karibu mita 90 barabarani, na hiyo ni kwenye lami kavu, tambarare, breki zikiwa nzima. Pembetatu ya kuakisi mwanga iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari humwambia tu anachokigonga. Iweke mbali, hatua mia moja au zaidi, na kama uko kwenye kona za Sekenke iweke kabla ya kona kuanza. Matawi ya miti, ambayo kila dereva wa Tanzania anajua maana yake, yanafaa mchana. Usiku hayaakisi chochote. Abiria washuke, watoke barabarani kabisa, wasikae nyuma ya gari kuangalia fundi anavyohangaika.

Sasa jeki. Wengi huamini kwamba gia na breki ya mkono vinatosha kulishika gari. Kwenye pikapu ya kuvuta nyuma, gia haishiki kitu mara tu gurudumu moja la nyuma linapoinuka. Difu imeundwa kuruhusu magurudumu mawili yazunguke tofauti ili gari liweze kukata kona. Lililo chini likianza kubingirika mbele, lililo juu huzunguka kinyume, na shafti inabaki imetulia kana kwamba hakuna kinachotokea. Breki ya mkono ya Hilux hushika kila gurudumu la nyuma peke yake, kwa hiyo hubaki nusu. Baadhi ya Land Cruiser za zamani ni mbaya zaidi, kwa kuwa breki yao ya mkono hushika shafti, nayo hudanganywa na difu vilevile. Jiwe mbele na jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili ndiyo breki ya kweli. Chini ya jeki weka ubao mnene; udongo mweusi wa mbuga huonekana mgumu juu, lakini ukiulemea hudidimia na jeki inalala.

Nati zilegezwe kabla ya kuinua, tairi likiwa bado linagusa chini, kwa sababu nguvu ya kulegeza nati iliyokwama inatosha kulisukuma gari litoke kwenye jeki. Jeki iwekwe kwenye ekseli karibu na springi. Ukiiweka kwenye chesisi, utapandisha bodi mpaka jeki iishe na gurudumu bado liko chini, kwani springi hujinyoosha kulifuata. Ukirudisha, kaza nati kwa kuruka, ya juu kisha ya upande wa chini, ili rimu ikae sawa kwenye kitako chake. Wilispana yenye mkono wa sentimita 30 inahitaji uikandamize kwa uzito wa kilo 35 hivi kufikia mkazo wa kawaida wa pikapu. Anayeipanda kwa miguu miwili anavuta bolti mpaka inachoka, na fundi wa kesho ndiye atakayeikata. Baada ya kilomita 50 simama ukaze tena.

Na ondoa mawe. Mawe na matawi yaliyoachwa barabarani na gari lililokwisha ondoka humngoja mwendesha bodaboda wa usiku ambaye hakukukosea lolote.

Fundi wa pancha wa kando ya barabara anastahili heshima kuliko anayoipata. Yule anayebana kiraka kwenye tyubu kwa chuma, kisha anawasha mafuta ya taa ndani ya pistoni kuukuu iliyo juu yake, anafanya kemia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839: mpira uliochanganywa na salfa ukipata joto, salfa hufunga madaraja kati ya nyuzi ndefu za mpira, na kiraka na tyubu vinakuwa kitu kimoja. Gundi ya kawaida, isiyo na kemia hiyo, hushika uso tu. Tairi lisilo na tyubu huzibwa kwa kamba ya mpira yenye gundi, nayo hufaa tundu la msumari kwenye kashata. Ubavuni haifai, maana ubavu ndio unaokunjwa kila mzunguko. Aliyezibiwa ubavu ameuziwa muda mfupi. Na ukiona mwiba au msumari umo lakini upepo bado unashika, usiuchomoe porini. Ndio kizibo chako mpaka kwa fundi. Rimu za zamani za Land Cruiser zenye ringi ya kufungia zina hatari yake: ringi isipokaa sawa hufyatuka wakati wa kujaza, na shinikizo lililo nyuma yake linatosha kuua. Asimame pembeni anayejaza, asiiinamie.

Kuhusu Sekenke. Eneo hili lilianza kujulikana kwa dhahabu, ambayo Wajerumani walianza kuichimba mwaka 1909 na kuifyatulia sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916. Siku hizi dereva hulijua kwa mteremko. Pikapu yetu ya kilo 2,800 ikishuka mita 100 za wima huachia nishati ya karibu megajuli 2.7, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji ya bomba. Usipoiachia injini ibebe sehemu yake kwa gia ndogo, yote inaingia kwenye breki, jirani kabisa na rimu na tairi lenye moto wake tayari. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani kadiri yanavyozeeka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 205. Ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 140. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka chini bila kushika kitu. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza.

Rejeta ikichemka, hukumu ni moja: usifungue mfuniko. Kwenye mwinuko wa Iramba maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, lakini ndani ya rejeta iliyofungwa yanaweza kupita 110 bila kuchemka kwa sababu ya shinikizo. Ukifungua, sehemu yake hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha maji ya moto usoni mwako. Subiri mpaka uweze kuishika kwa kiganja.

Limebaki tairi la tano. Kwenye Hilux linaning'inia kwa mnyororo chini ya bodi, linakula vumbi na matope mwaka mzima, na siku ya shida mnyororo umeganda kwa kutu. Literemshe mara moja kila mwezi ukiwa nyumbani, upake mnyororo grisi. Soma na tarehe yake: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka kwa hewa na joto hata usipotembea, na kashata nzima si ushahidi wa uzima. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiache kuzalisha mwaka 2009, sehemu kubwa ya matairi tunayofunga imetoka ng'ambo, na mengi ni mitumba iliyokwisha zeeka huko.

Wewe unayepakia kesho: pima upepo asubuhi ukiwa bado Kiomboi, matairi yakiwa baridi, yote matano, na jeki iweke mahali utakapoifikia bila kushusha magunia.