Upanga wa Serikali na Upinde wa Kijiji

Mchungaji anayehudumu katika kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, au katika kata nyingine iliyo mbali na mji wa Mpanda, anajua kwamba yowe linapopigwa usiku anayetangulia kufika si askari polisi, bali ni jirani. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ulinzi wa jirani huyo ulivyounganishwa na ulinzi wa Serikali, kisha kuuliza mtumishi wa Kanisa asimame wapi kati ya hao wawili.

1. Chimbuko la sungusungu

Baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukazidi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa mpakani mwa Shinyanga na Tabora waliunda vikundi vya ulinzi. Walibeba pinde na mishale, walifuata nyayo za wezi, na aliyekaidi walimtenga, asishirikiane na mtu yeyote kijijini. Wafugaji waliohamia Rukwa, mkoa uliojumuisha Mpanda hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, walikuja na desturi hiyo.

Viongozi wa Chama waliwasifu, lakini polisi na mahakama waliona sheria inavunjwa, na baadhi ya walinzi hao walishtakiwa. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata wahalifu. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi nalo limehimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi.

2. Mipaka ya kila mmoja

Jeshi la Polisi liko chini ya Serikali Kuu. Hata hivyo, Ibara ya 146 ya Katiba inazipa serikali za mitaa nazo jukumu la kuwalinda watu wao na kuona kwamba sheria inafuatwa, huku Ibara ya 147 ikikataza kikundi chochote kisicho Serikali kuunda jeshi. Basi sungusungu ni mkono wa kijiji unaofanya kazi chini ya sheria. Si jeshi wala si mahakama. Amkamatapo mtuhumiwa, amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukamata si kuhukumu.

3. Mikono yote miwili imekosa

Tusidhani kwamba ukatili ni wa wanakijiji peke yao. Mwaka 1976, katika msako wa watu waliohusishwa na mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa kadhaa waliteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa sababu hiyo, ingawa si yeye aliyetesa.

Kijiji nacho kina dhambi yake. Baadhi ya vikundi vya mwanzo viliwawinda wachawi pamoja na wezi, na wanawake wazee walifukuzwa au kuuawa, wengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu. Hapa ndipo ushirikiano unapokatika. Uchawi hauthibitishwi mahakamani kama wizi unavyothibitishwa. Polisi wakikosa ushahidi humwachia mtuhumiwa; kijiji husema wamehongwa; na mtuhumiwa wa pili hafikishwi tena kituoni. Shaka hiyo isipoondolewa, hukumu inarudi porini.

4. Wajibu wa mtumishi

Katika maandiko yake ya mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia, Luther alifundisha kwamba Mkristo hachukui upanga kwa ajili yake mwenyewe, lakini aweza kuubeba kwa kumtumikia jirani. Mtume Paulo naye, kabla ya kunena juu ya mamlaka katika Warumi 13, anamaliza sura ya 12 kwa kukataza kisasi. Kwa mafundisho haya Mkristo aweza kuwa mlinzi wa kijiji. Hawezi kuwa mlipiza kisasi. Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili au watatu, na uvumi si shahidi.

Kwa hiyo saa za hatari ni zile zilizo kati ya yowe na kuwasili kwa polisi. Katika saa hizo mchungaji asibaki nyumbani. Aende kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, akae karibu na mtuhumiwa, ahakikishe jina lake limeandikwa na kwamba amekabidhiwa akiwa mzima. Baadaye awaeleze washarika kwamba dhamana si msamaha, na kwamba kesi huanguka mashahidi wasipofika. Awatie moyo waende mahakamani, hata kama safari ni ndefu. Na mkutano ukiitishwa ili kupiga kura ya kumtaja mchawi, asishiriki, naye aseme waziwazi kwa nini.

Wanafunzi wetu watakaopangiwa sharika za namna hii watakuta pinde zimekwisha kuwapo. Hawatumwi kuzivunja. Wanatumwa kusimama na yule bibi mzee mpaka sheria imfikie.