Mpira unaisha na miaka 34, pensheni inaanza na 55: hapo katikati mchezaji anakula nini?

Wiki iliyopita, tukiwa hewani na kipindi cha michezo, baba mmoja alitupigia simu kutoka Madizini. Kijana wake ana miaka 19 na amepata klabu. Mkataba ni wa miaka mitatu. Fedha za usajili zimegawanywa mara mbili: nusu anapewa siku ya kusaini, nusu atapewa mkataba ukiisha. "Sasa mwanangu mtangazaji," akaniuliza, "hiyo nusu ya pili ni akiba ya mtoto au ni maneno tu?"

Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu kwa kifupi. Lakini simu zilizofuata zilinionyesha kwamba swali si la kwake peke yake. Turiani ni nyumbani kwa Mtibwa Sugar, mabingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Watoto wengi hapa wanakua wakitazama mazoezi ya Manungu na kuota kusaini siku moja. Kwa hiyo leo tulieleze jambo hili taratibu, kwa hesabu.

Kuahirisha malipo ni kukopesha

Wakulima wa miwa mnalijua hili kuliko mtu mwingine yeyote. Unapeleka miwa kiwandani leo, inapimwa, na fedha unakuja kuzipokea baadaye. Katika siku hizo za kusubiri, mali imeshatoka mikononi mwako na fedha haijaingia. Umemkopesha mnunuzi, hata kama hakuna aliyelitaja neno mkopo.

Mchezaji anayekubali kulipwa baadaye naye ameikopesha klabu yake. Si jambo baya lenyewe. Ila mtu yeyote anayekopesha ana maswali matatu ya kuuliza: fedha yangu itaongezeka kiasi gani? Nitalipwa lini hasa? Na wewe ukishindwa, nani atanilipa?

Tuanze na swali la kwanza. Tuseme kijana anadai shilingi milioni 10, atalipwa baada ya miaka 10, bila nyongeza yoyote. Kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kilo ya sukari ya shilingi 3,000 leo itakuwa karibu shilingi 4,900 siku hiyo ya malipo. Atapewa milioni 10 zile zile, lakini hazitanunua kilo zile zile. Sasa kama mkataba ungesema deni linakua kwa asilimia 10 kila mwaka, milioni 10 zingekuwa karibu milioni 26. Klabu ni ile ile na subira ni ile ile. Tofauti yote imeletwa na mstari mmoja wa maandishi.

Mmarekani anayelipwa kila tarehe 1 Julai

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Bobby Bonilla, mchezaji wa besiboli wa Marekani. Mwaka 2000 klabu ya New York Mets haikumtaka tena, lakini mkataba wake ulikuwa unaidai klabu dola milioni 5.9. Badala ya kuchukua fedha hizo mara moja, yeye na wakala wake walikubali kusubiri, kwa sharti kwamba deni likue kwa asilimia 8 kwa mwaka.

Malipo yalianza mwaka 2011 na yatakwenda mpaka mwaka 2035. Kila tarehe 1 Julai anapokea dola 1,193,248 na senti 20. Ukijumlisha miaka yote 25 unapata karibu dola milioni 29.8. Malipo ya kwanza aliyapata akiwa na miaka 48, wakati alikuwa ameshaacha kucheza tangu 2001. La mwisho atalipokea akiwa na miaka 72.

Watu wengi wanaisimulia habari hii wakiicheka klabu. Mimi naona funzo ni kwa mchezaji. Bonilla alikubali kusubiri, lakini kila kitu kiliandikwa: kiwango cha riba, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na kiasi cha kila mwaka mpaka senti.

Klabu ikifilisika je?

Hilo ndilo swali la tatu, na jibu lake lipo Marekani pia. Mario Lemieux alikuwa nyota wa hoki ya barafu katika klabu ya Pittsburgh Penguins. Alipostaafu mwaka 1997, klabu ilikuwa inamdai kwa maneno ya shukrani tu, kwa fedha yeye ndiye aliyekuwa anaidai: zaidi ya dola milioni 30 za mishahara iliyoahirishwa. Mwaka 1998 klabu ikatangaza kufilisika mahakamani.

Lemieux akawa mmoja wa watu waliosimama kwenye foleni ya wadai. Alijinusuru kwa njia ambayo wachache wanaiweza: sehemu kubwa ya deni lake aliigeuza kuwa hisa, na mwaka 1999 yeye na wenzake wakaichukua klabu. Mchezaji wa kawaida mwenye deni la shilingi milioni 8 hawezi kuinunua klabu iliyomshinda kumlipa.

Kwa hiyo ahadi iliyo katika daftari la klabu inaishi maisha ya klabu. Klabu ikiugua, na ahadi inaugua.

Anuiti: fedha inatoka klabuni, inakwenda kwa mtunzaji

Ndiyo maana wenzetu walioendelea katika michezo ya kulipwa walitafuta njia nyingine, inayoitwa anuiti. Fedha inatolewa mapema na kupelekwa kwa kampuni ya bima au mfuko. Huyo ndiye anayeitunza, anaizungusha, kisha anamlipa mchezaji kidogo kidogo kila mwezi au kila mwaka, kwa miaka iliyokubaliwa au mpaka afe. Klabu ikifa katikati ya safari, fedha haikuwa kwake tena. Na hata hapo usisahau kumchunguza mtunzaji: kwetu kampuni za bima zinasimamiwa na TIRA, na asiyekuwa na leseni yake usimpe hata shilingi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mchezaji anastaafu na milioni 20, na mtunzaji anampa asilimia 10 kwa mwaka. Akitaka alipwe kiasi sawa kila mwaka kwa miaka 10, atapokea karibu shilingi 3,250,000 kwa mwaka, yaani kama 270,000 kwa mwezi. Mwisho wa miaka 10 atakuwa amepokea karibu milioni 32 na nusu, na mfuko utakuwa umekauka. Ni kama shamba la miwa: unakata, linachipua, unakata tena kwa misimu kadhaa, halafu linachoka. Tofauti ni kwamba hapa unajua tangu mwanzo ni msimu gani litachoka.

Kwetu Tanzania mlango uko wapi?

Mlango wa kwanza ni NSSF. Mchezaji mwenye mkataba na mshahara ni mwajiriwa kama mpishi au dereva wa kampuni. Mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi asilimia 10, na sehemu iliyobaki anaitoa yeye. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, ni shilingi 120,000 zinazopaswa kuingia kila mwezi. Hiyo nayo ni malipo ya baadaye, tena yaliyo nje ya daftari la klabu.

Lakini hapa kuna mtego wa miezi. Ili upate pensheni ya uzeeni unahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni 60. Sasa chukua kijana wetu wa Madizini. Akianza na miaka 19 na kutundika daluga na miaka 34, amecheza miaka 15 kamili: miezi 180, wala hakuna hata mmoja wa kupoteza. Msimu mmoja akikaa nyumbani kwa goti, au klabu moja isipopeleka michango kwa mwaka mzima, anabaki na 168. Jasho la miaka 14 linakosa pensheni kwa sababu ya miezi 12.

Dawa ipo. Namba ya uanachama ni moja, unahama nayo kutoka klabu hadi klabu. Ukiacha kucheza ukawa kocha, mlinzi wa kiwanda au dereva wa kampuni, michango inaendelea pale ilipoishia. Ukijiajiri kwa bodaboda au shamba, NSSF inapokea pia wanachama waliojiajiri. Na usisubiri ustaafu ndipo uulize: kila miezi mitatu angalia taarifa ya michango yako, kwa simu au ofisini kwao. Pengo la miezi miwili linafuatiliwa. Pengo la miaka saba, klabu yenyewe imeshabadilisha viongozi mara nne.

Bado kuna ile miaka ya katikati. Mchezaji aliyekuwa na miaka 25 siku Mtibwa Sugar inachukua ubingwa wa 1999 atafikisha miaka 55 mwaka 2029. Miaka 30 kati ya kombe na pensheni! Hapo ndipo unapohitajika mlango wa pili.

Serikali, kupitia Benki Kuu, huuza hatifungani za muda mrefu, zikiwamo za miaka 20 na 25, na kiwango cha chini cha kuanzia ni shilingi milioni moja. Unanunua kupitia benki au wakala aliyeidhinishwa. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na muda ukiisha unarudishiwa mtaji wako. Tuseme riba ni asilimia 12: kila milioni moja inakupa shilingi 60,000 kila baada ya miezi sita. Mchezaji aliyeweka milioni 20 atapata 1,200,000 mara mbili kwa mwaka, na mtaji haujaguswa. Asiyefikisha milioni anaweza kuanza kidogo kidogo na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mmojawapo, unaoitwa Jikimu, ulianzishwa kwa ajili ya watu wanaotaka kipato cha mara kwa mara.

Jibu langu kwa baba wa Madizini

Mzee wangu, nusu ya pili inaweza kuwa akiba, kama karatasi inasema hivyo. Kabla kijana hajasaini, hakikisha mkataba unataja kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, na nyongeza kwa sababu ya kusubiri. Uliza pia: akiuzwa klabu nyingine kabla ya miaka mitatu, au akivunjika mguu, nusu ile inalipwa au inapotea? Jibu liandikwe, na nakala yenye saini zote ikae nyumbani kwako, siyo kwa wakala.

Karatasi hiyo ndiyo itakayosikilizwa na Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikitokea ubishi. Kwa upande wa mishahara, kanuni za FIFA zinampa mchezaji ambaye hajalipwa kwa miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 ilipe. Maneno ya kwenye simu hayamo katika kanuni hizo.

Na kama klabu inakataa kuandika nyongeza wala tarehe, basi mwambie kijana aombe sehemu kubwa zaidi sasa hivi, hata kama jumla itapungua kidogo. Kisha sehemu ya fedha hiyo aifungie yeye mwenyewe mahali ambapo hata marafiki wa siku ya kusaini hawatafika.

Baba yule alipiga simu tena juzi, safari hii nje ya kipindi. Alisema wameurudisha mkataba ili iongezwe tarehe. Klabu haijajibu bado. Kijana amekasirika kidogo, anaogopa nafasi itapotea. Nikamwambia baba amsomeshe ile hesabu ya miezi 180, wakae wote wawili, wahesabu kwa vidole.