Mhandisi katika Karakana ya Baba

Tuchukue mfano wa karakana ya familia Majengo, mjini Mpanda. Baba ni fundi wa siku nyingi wa mashine za kupukuchua mahindi. Mwanawe amehitimu uhandisi wa kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Je, arudi nyumbani moja kwa moja?

Kwanza tutenganishe majina. Fundi mchundo hufanya kazi ya mikono: hukata, huchomelea, hufunga. Fundi sanifu hupima na kuongoza kazi hiyo. Mhandisi hukokotoa, husanifu na kubeba dhamana ya alichosanifu.

Tofauti hiyo huonekana kwenye puli. Injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Puli yake ina kipenyo cha sentimita 10, ya mashine 20. Ngoma ya kupukuchua itazunguka mara 750. Mteja akileta injini mpya ya mizunguko 2,200, puli zikabaki zilezile, ngoma itafika 1,100 na punje zitavunjika. Baba atausikia mlio na kujua kuna kasoro, kisha atajaribu puli moja baada ya nyingine. Mwana atazidisha 10 kwa 2,200, agawanye kwa 750, apate sentimita 29 na ushee za puli mpya ya mashine, hata kabla chuma hakijakatwa. Sikio la baba nalo si la kudharau: ndilo litakalogundua beringi imekwisha, jambo ambalo hesabu hii haisemi.

Sasa tuje kwenye sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, shahada peke yake haitoshi. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa. Mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa mafunzo hayo kwa vitendo ni wa miaka mitatu. Baba, kwa ujuzi wake wote, hawezi kuwa msimamizi huyo kisheria. Akirudi leo, kijana atafanya kazi nyingi, nzuri, zisizohesabika popote.

Najua familia inamhitaji sasa, na msimu haungoji. Hata hivyo naona aende kwanza kwenye mafunzo hayo. Mzazi aihesabu miaka hiyo kama anavyohesabu gharama ya kununua mashine ya kerezo. Akirudi amesajiliwa na kupata uzoefu, mhitimu atakayemfuata ataweza kupata msimamizi hapohapo Majengo.