Je, Wajua? Mashine ya Antikythera, kompyuta ya shaba iliyotoka chini ya bahari

Katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens, Ugiriki, kuna vipande vya shaba vilivyoliwa na chumvi hadi vikageuka rangi ya kijani. Mgeni mwenye haraka atavipita akidhani ni mawe. Kumbe ni mabaki ya mashine iliyokokotoa mwendo wa jua na mwezi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Twende moja baada ya jingine.

1. Je, wajua kwamba mashine hii ilipatikana kwa sababu ya dhoruba? Mwaka 1900, wazamiaji wa sponji kutoka kisiwa cha Symi, wakiongozwa na nahodha Dimitrios Kontos, walijibanza kando ya kisiwa kidogo cha Antikythera, kati ya Kythera na Krete, wakingoja bahari itulie. Ilipotulia, wakaamua kujaribu bahati yao pale pale.

2. Mzamiaji wa kwanza kushuka, Elias Stadiatis, alirudi juu akisema ameona maiti za watu na farasi zimetapakaa chini. Kontos akavaa vazi la kuzamia, akashuka mwenyewe, akaibuka na mkono wa shaba. Zile "maiti" zilikuwa sanamu, shehena ya meli iliyozama.

3. Kazi ya kuopoa shehena hiyo ilianza mwishoni mwa 1900 na kuendelea hadi 1901, Jeshi la Wanamaji la Ugiriki likisaidia. Kina kilikuwa kama mita 45. Mzamiaji mmoja alifariki na wawili walipooza. Majedwali ya kwanza ya kisayansi yanayomwelekeza mzamiaji apande kwa hatua, ili gesi ya nitrojeni isitoke ghafla kama mapovu mwilini, yalichapishwa mwaka 1908. Watu hawa walitangulia maarifa ambayo yangewaokoa, na kila tunachojua kuhusu mashine hii kimejengwa juu ya jasho lao.

4. Meli ilisheheni anasa: sanamu za shaba na marumaru, bakuli za kioo za rangi, vito na mitungi. Mojawapo ya sanamu hizo, kijana wa shaba mwenye kimo cha karibu mita 2, inasimama hadi leo katika makumbusho hayo ya Athens.

5. Umri wa ajali unajulikana kwa msaada wa sarafu. Mwaka 1976 Jacques Cousteau na wapiga mbizi wake walirudi mahali hapo na kupata sarafu za miji ya Pergamon na Efeso. Kutokana nazo, wataalamu wanakadiria meli ilizama kati ya mwaka 70 na 60 KK.

6. Kwa miezi mingi hakuna aliyeijali mashine yenyewe. Ililetwa makumbusho kama bonge la shaba iliyooza, ikawekwa kando huku sanamu zikishughulikiwa. Bonge likapasuka. Mwezi Mei 1902 ndipo gurudumu lenye meno lilipoonekana ndani yake, na mwanaakiolojia Valerios Stais akaanza kulitafakari.

7. Leo kuna vipande 82. Gia zilizosalia ni 30, na 27 kati ya hizo zimo katika kipande kimoja, kile kikubwa kuliko vyote, kinachoitwa A. Kipande kingine muhimu, F, kilitambuliwa mwaka 2005 ndani ya ghala la makumbusho hayohayo. Kilikuwa kimelala humo miaka yote.

8. Mashine nzima ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 34 hivi, upana wa 18 na unene wa 9, karibu sawa na kamusi kubwa iliyosimamishwa wima. Gia zilikatwa kutoka bamba jembamba la shaba iliyochanganywa na bati, na meno yake ni ya pembetatu.

9. Haikuendeshwa kwa maji wala springi. Mtu alizungusha mpini ubavuni kwa mkono wake. Mzunguko mmoja wa mpini ulisogeza tarehe kwa takriban siku 78, mbele au nyuma kadiri alivyotaka. Ukitaka kujua anga ya miaka kumi ijayo, unazungusha. Ukitaka ya miaka kumi iliyopita, unarudisha.

10. Uso wa mbele ulikuwa na duara la buruji 12 za falaki, lililogawanywa katika nyuzi 360, na kulizunguka kulikuwa na pete ya kalenda yenye majina ya miezi ya Kimisri. Chini ya pete hiyo kuna matundu madogo. Wengi waliamini yalikuwa 365, sawa na siku za mwaka wa jua. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitumia mbinu za takwimu zinazotumika kuchunguza mawimbi ya mvutano, wakaona idadi inayoelekea zaidi kuwa ya kweli ni 354. Msomaji anayefuata kalenda ya Kiislamu anaijua namba hiyo vizuri: ndizo siku za miezi 12 ya kuandama.

11. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu vilionekana kwa macho. Kwenye mshale wa mwezi kulikuwa na kijitufe chenye rangi mbili, nusu nyeupe na nusu nyeusi, kilichojizungusha chenyewe kufuata hali ya mwezi angani.

12. Je, wajua kwamba unaweza kuikagua hesabu yake kwa kalamu na karatasi? Gia yenye meno 64 inazungusha yenye 38. Gia ya 48 inazungusha ya 24. Gia ya 127 inazungusha ya 32. Zidisha 64 kwa 48 kwa 127, kisha gawanya kwa zao la 38, 24 na 32. Utapata 254 kwa 19. Ndiyo siri ya anga: katika miaka 19 mwezi huizunguka dunia mara 254 ukipimwa kwa nyota. Ondoa 19, mizunguko ya jua, na inabaki 235, idadi ya miandamo ya mwezi katika miaka hiyo.

13. Itazame ile gia ya meno 127. Namba hiyo ni tasa, haigawanyiki kwa nyingine yoyote ila yenyewe na 1. Fundi hakuweza kuligawa duara nusu kwa nusu mpaka afike. Ilimbidi apime sehemu 127 zinazolingana, kisha akate jino baada ya jino. Akikosea kidogo tu, jino la mwisho halipati nafasi yake.

14. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Ukikaribia dunia huongeza kasi, ukiwa mbali hupunguza. Mashine iliijua tabia hiyo. Gia mbili za meno 50 kila moja zimekaa moja juu ya nyingine, lakini vitovu vyake vinapishana kwa milimita 1 na ushei. Ya kwanza ina kipini kidogo, ya pili ina mwanya. Kipini kinapoteleza ndani ya mwanya, gia ya pili hukimbia na kuchelewa kwa zamu, ingawa ile ya kwanza inazunguka sawasawa. Hipparko, mwanafalaki aliyefanya kazi kisiwani Rhodes katika karne ya 2 KK, alieleza mwendo huo kwa hesabu. Hapa ameueleza fundi kwa shaba.

15. Uso wa nyuma ulikuwa na mizingo miwili mikubwa. Wa juu ulijikunja mara 5 na kubeba vyumba 235, kimoja kwa kila mwezi wa ile miaka 19. Wa chini ulijikunja mara 4 na kubeba vyumba 223. Huo ulikuwa wa kupatwa kwa jua na mwezi.

16. Kwa nini 223? Kwa sababu kupatwa hurudi kwa mpangilio uleule baada ya miezi 223 ya kuandama, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Wababeli waliligundua jambo hili kwa kuandika kumbukumbu za anga kizazi hadi kizazi. Kanuni hiyo haijachakaa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likibaki pete ya mwanga. Ongeza miaka 18 na siku 11: tarehe 12 Septemba 2034 jua litapatwa tena kwa umbo hilohilo la pete.

17. Ila halitaonekana Rujewa. Zile saa 8 za ziada huipa dunia nafasi ya kujizungusha theluthi moja, kwa hiyo pete ya 2034 itaonekana Amerika ya Kusini. Fundi alilizingatia na hilo. Aliweka duara dogo lenye sehemu tatu: moja tupu, ya pili ina namba 8, ya tatu 16. Ndizo saa za kuongeza kwenye utabiri. Baada ya mizunguko mitatu, miaka 54 na mwezi mmoja hivi, saa hizo hutimia siku nzima na kupatwa hurudi karibu na upande uleule wa dunia. Kwa ile ya Rujewa, ni Oktoba 2070, safari hii kusini mwa Afrika.

18. Chungulia chumba kimoja cha mzingo huo. Si vyote vilivyoandikwa, ni ile miezi yenye uwezekano wa kupatwa tu. Ndani yake kuna herufi Σ kwa mwezi au Η kwa jua, na namba ya saa, vyote vimechongwa kwa herufi za urefu wa milimita chache. Mwenye mashine aliambiwa kitakachopatwa na saa ya kukitazamia.

19. Michezo nayo haikuachwa. Duara dogo lililogawanywa mara nne lilionyesha mwaka wa kila mashindano makubwa ya Wagiriki: Olympia, Pythia, Isthmia, Nemea, Naa ya Dodona, na Halieia ya Rhodes.

20. Majina ya miezi kwenye uso wa nyuma ni ya kalenda ya Korintho na makoloni yake. Mashindano ya Halieia yanaelekeza kidole Rhodes. Kwa hiyo wataalamu wanaendelea kushindana kuhusu mahali ilipotengenezwa na mtu iliyemlenga.

21. Mashine ilikuwa na maelezo ya matumizi juu yake yenyewe. Zaidi ya herufi 3,000 zimesomwa, na zinazitaja sayari Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha London, UCL, ilitumia maandishi hayo kuunda upya mfumo wa gia za sayari. Yalionyesha mizunguko ya miaka 462 kwa Zuhura na 442 kwa Zohali.

22. Tumeyasomaje maandishi yaliyozikwa ndani ya kutu? Derek de Solla Price, aliyeiita kompyuta ya kale ya Wagiriki mwaka 1959, alipata picha za eksirei miaka ya 1970 na kuanza kuhesabu meno. Mwaka 2005 ilisafirishwa hadi Athens mashine ya eksirei yenye uzito wa tani 8, inayopiga picha tabaka kwa tabaka. Vipande ni dhaifu mno kusafirishwa, kwa hiyo tani 8 ndizo zilizosafiri.

23. Haikuwa ya pekee. Cicero, Mroma aliyeishi enzi za ajali ile, aliandika juu ya mashine ya anga ya Archimedes wa Sirakusa iliyopelekwa Roma baada ya mji huo kutekwa, na nyingine ya Posidonius wa Rhodes, ambaye Cicero alikuwa mwanafunzi wake.

24. Maarifa hayakukatika yote. Kuna kalenda ya gia kutoka Bizanti, ya karne ya 5 au ya 6. Al-Biruni alieleza nyingine karibu na mwaka 1000. Jijini Oxford kuna astrolabu yenye gia iliyotengenezwa na Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan mwaka 618 Hijria, yaani 1221 au 1222, nayo inaonyesha umbo la mwezi. Ulaya ilifika kwenye ugumu wa namna hii katika karne ya 14, kwa saa za falaki kama ile ya Giovanni de' Dondi, iliyokamilika mwaka 1364.

25. Mbona basi imebaki moja tu? Shaba ni mali. Kitu cha shaba kikivunjika, kilipelekwa tanuruni, kikayeyushwa, kikawa sarafu, silaha au sufuria. Ndivyo zilivyopotea sanamu nyingi za shaba za Ugiriki ya kale, na nyingi ya zile tulizo nazo zimetoka baharini. Mashine hii ilipona kwa kuwa ilizama mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia na kuiyeyusha. Basi tusiwapime watu wa kale kwa vitu vichache vilivyotufikia. Mkono uliokata meno 127 kwa usahihi ule haukuwa ukijaribu kwa mara ya kwanza: ulifundishwa na mikono mingine iliyotengeneza mashine nyingine, na hizo zinastahili kuhesabiwa hata kama hatutaziona.