Kicheko cha Ukumbi Hakipimi Kupona

Kuandika ili kupona na kuandika ili kuchekesha ni kazi mbili tofauti. Anayetafuta riziki jukwaani huku ana kidonda moyoni huzihitaji zote mbili, ila kila moja kwa wakati wake. Huko Migosi, kama katika mitaa mingine ya Kisumu, vijana wanaoingia katika fani ya vichekesho huja na swali lile lile: masaibu yakigeuzwa vichekesho, yanapona? Hayaponi, na jibu halijabadilika tangu swali lilipoanza kuulizwa.

Kuandika kwa faragha kuna ushahidi wake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani walioandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao waliinuka na majonzi zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida ipo, ila ni ndogo. Walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalisogea siku hadi siku: sababu zikajitokeza, maana ikapatikana.

Kichekesho hakisogei. Tuseme mchekeshaji amefiwa na baba. Ataandika jinsi ami zake walivyogombania kichwa cha ng'ombe matangani, na atakata papo hapo ukumbi unapocheka. Mama aliyekaa jikoni usiku akiwaza karo hachekeshi, basi anafutwa. Kipande kikishapendwa, hurudiwa neno kwa neno kila wikendi, na kumbukumbu huganda pale palipokatwa. Mchekeshaji Hannah Gadsby wa Australia alilieleza hili katika onyesho la Nanette, lililotoka Netflix mwaka 2018: kisa kina mwanzo, kati na mwisho, lakini kichekesho huishia kati. Kwa hiyo wanaowahimiza chipukizi "watoe yote jukwaani" wanauza dawa wasiyoijua. Kama makofi yangetibu, wachekeshaji waliovuma kupitia kipindi cha Churchill Show wasingejitokeza hadharani kueleza msongo wa mawazo uliowaandama.

Cha kufanya ni hiki. Madaftari yawe mawili, na la kwanza lisisomwe na mtu. Dakika 15 hadi 20 kwa siku tatu au nne zinatosha. Anayezidi kuumia aache. Kidonda kibichi kisipelekwe jukwaani. Kipande kijaribiwe kwanza mbele ya rafiki mmoja asiyeogopa kunyamaza. Aliyekosa usingizi kwa wiki mbili, au anayewaza kujiua, aweke kalamu chini na kwenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile inayoitwa Russia, ambayo haiko mbali na Migosi. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na hailipiwi.